Mkato baina ya vivumishi

Mkato ni alama ya uakifishi inayotenga maneno ndani ya sentensi. Wengine huiita koma, wengine kipumuo. Jina hili la tatu limetokana na kitenzi pumua, nalo huwafaa wasomao kwa sauti. Katika sarufi ya Kiingereza linapotosha, kwa kuwa mkato baina ya vivumishi haufuati pumzi ya msomaji, bali uhusiano wa vivumishi vyenyewe. Darasani, mkato ndilo jina la kushika.

Mwanafunzi wa Tandahimba, kusini mwa Tanzania, huingia kidato cha kwanza akiwa amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na pengine nyumbani huzungumza Kimakonde. Katika lugha zote mbili nomino hutangulia, kivumishi kikafuata. Kiswahili kina uhuru zaidi kuliko Kiingereza: kimilikishi hukaa jirani na nomino, lakini “vinyago vikubwa vyeusi” na “vinyago vyeusi vikubwa” vyote ni sawa. Kiingereza huvitanguliza vivumishi, tena kwa zamu: idadi, maoni ya msemaji, ukubwa, umri, rangi, asili, kisha malighafi. Hivyo huandikwa “two beautiful big old black Makonde carvings”. Anayeandika “black big carvings” ataeleweka, ila sikio la mwenye lugha litakataa.

Mfano huo hauna mkato hata mmoja. Kila kivumishi ni cha kundi lake, na kinaeleza fungu zima linalokifuata: “black” inaeleza “Makonde carvings”, “old” inaeleza “black Makonde carvings”. Hivi vyaweza kuitwa vivumishi vya ngazi.

Vivumishi sambamba ni vile vinavyoeleza nomino kwa uzito mmoja, navyo ndivyo hudai mkato: “a patient, honest farmer”, yaani mkulima mvumilivu na mwaminifu. Kiswahili hapo hutumia “na”. Mkato huingia sifa zikiwa tatu au zaidi, kama katika “hodari, mvumilivu na mwaminifu”. Kipimo ni kuvibadilisha nafasi au kutia “and” katikati. “Honest and patient farmer” inakubali. “Old and cashew tree”, kwa mkorosho wa zamani, haikubali, basi mkato hauna nafasi hapo.

Baina ya kivumishi cha mwisho na nomino yake, mkato hauwekwi kamwe.