Sumaku ya kichwa na uraibu wa bangi

Leo naweka kando mambo ya programu, ingawa hii nayo ni hadithi ya mashine.

Mwaka 1831 Michael Faraday aligundua kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme kwenye waya. Shika hilo neno "inayobadilika". (Zile bangili za sumaku zinazouzwa mitaani zimetulia tu, hazizalishi kitu.) Mwaka 1896 Mfaransa Arsène d'Arsonval alijaribu koili kubwa, na aliyeingiza kichwa ndani akaona vimulimuli. Kisha miaka ikapita mingi. Mwaka 1985, mjini Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake waliweka koili juu ya kichwa cha mtu mzima wa afya, wakapiga mpigo mmoja, mkono ukashtuka wenyewe. Hakuna kisu, hakuna waya ndani ya ubongo.

Barker alitaka kupima njia za neva. Hakuwa anatafuta dawa ya mraibu. Ni kama kifaa cha kusaka hitilafu kwenye programu ambacho watu wameamua sasa kirekebishe hitilafu yenyewe. Inawezekana, lakini lazima ithibitishwe upya.

Nayasema haya kwa sababu huku kwetu Subukia mzee mmoja aliniuliza kama auze ng'ombe wawili kijana wake akatibiwe bangi kwa "mashine ya sumaku". Nilimwambia asiuze. Marekani, FDA iliruhusu mashine hii kwa sonona mwaka 2008, na kwa kuacha sigara mwaka 2020. Kwa bangi haijaruhusu. Majaribio ni machache na madogo. Tena humo wengine huwekewa koili bandia inayolia tu, na baadhi yao hupata nafuu vilevile! Halafu kuna safari: kwa sonona mgonjwa huenda siku tano kwa wiki, kama wiki sita. Hesabu nauli ya matatu.

Tangu 2014 hospitali ya Mathari, Nairobi, hutoa methadoni kwa waraibu wa heroini. Bangi haina dawa yake ya namna hiyo, na NACADA ilihesabu Wakenya 518,807 wanaoitumia katika utafiti wake wa 2022. Kilichopo kwao ni ushauri nasaha, wa kukaa na mtu na kuzungumza wiki baada ya wiki. Simu ya NACADA ni 1192, bila malipo.