Riziki ya Mchora Katuni

Mzazi anayemsomesha mtoto shahada ya uhuishaji Nairobi au Dar es Salaam huwa na swali moja kabla ya mengine yote: akimaliza, ataajiriwa wapi? Ni swali la haki, maana ada ni kubwa na studio za katuni zinahesabika. Lakini ndani yake mna dhana kwamba kazi hii ni tawi la sinema, na kwamba pasipo na studio kubwa kama zile za Marekani hapana ajira. Historia ya kazi hii katika ukanda wetu inasimulia mengine. Mchora katuni wa Afrika Mashariki alizaliwa gazetini, akalelewa na elimu na siasa, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake amelipwa na mtu mwenye jambo la kuwaeleza watu wengi kwa haraka. Mhitimu asiyeijua asili hiyo atatafuta kazi kwenye mlango ambao haujawahi kuwa mkubwa, huku akiipita milango iliyo wazi.

Tuanze na karatasi. Wasomaji wa gazeti la Taifa Leo walimfuata Juha Kalulu, mhusika wa Edward Gitau, kwa miongo mingi. Wa gazeti la Uhuru walikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory. Wa jarida la Sani walikuwa na Madenge, Lodi Lofa na Ndumilakuwili. Wachoraji hao walifanya kila wiki yale ambayo leo hufundishwa muhula mzima: kubuni mhusika anayetambulika kwa umbo lake tu, kumpa tabia isiyoyumba, na kumaliza kisa katika visanduku vichache kabla gazeti halijaingia mtamboni. Kilichopungua ni mwendo. Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejiunga na gazeti la Nation la Nairobi mwaka 1992, alionyesha kwamba safari ya kutoka kisandukuni hadi kwenye runinga si ndefu. Mwaka 2009 kipindi chake, The XYZ Show, kilianza kurushwa Kenya, na wanasiasa aliozoea kuwachora wakawa vikaragosi wa mpira. Kikaragosi mmoja humtaka mchongaji, mshonaji, mchezeshaji, mwigizaji wa sauti na mwandishi. Kalamu ya mtu mmoja ilizaa kazi za watu wengi, na hakuna hata moja kati ya kazi hizo ambayo mtu angeifikiria kwa kusoma tu jina la shahada.

Mfano wenye mengi zaidi ni Tinga Tinga Tales. Edward Saidi Tingatinga, mwenyeji wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968 kwa rangi za kung'aa juu ya vipande vya hadibodi: mnyama mmoja akijaza ubao mzima, mwili umejaa madoa, nyuma yake rangi tupu. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliuendeleza mtindo huo. Takribani miongo minne baadaye kampuni ya Uingereza, Tiger Aspect, ilishirikiana na Homeboyz ya Nairobi kuugeuza mtindo huo kuwa kipindi cha watoto kilichoanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010. Inafaa kutazama kwa karibu kwa nini ndoa hiyo iliwezekana. Katuni ya kuchorwa kwa mkono hutaka michoro 12 hivi kwa sekunde, yaani 720 kwa dakika, na kipindi cha dakika 11 kingekula karibu michoro 8,000. Njia nafuu ni kumchora mnyama vipande vipande, kichwa, masikio, shingo, mapaja, kwato, kisha kuvizungusha kwenye kompyuta kama mwanasesere wa karatasi aliyeungwa kwa pini. Njia hiyo hutatizwa na vivuli na kina, na mtindo wa Tingatinga hauna hata kimoja kati ya hivyo. Kile ambacho wengine walikiita sanaa ya watalii kilikuwa tayari kimejibu swali la gharama.

Hapa patatokea pingamizi lenye uzito: kazi hiyo ililetwa na fedha za nje, kwa hiyo tegemeo la mhitimu ni mikataba ya nje. Ni kweli kwamba mikataba hiyo hulipa na hufundisha. Korea Kusini, Taiwan na Ufilipino zililea maelfu ya mafundi kwa kuchorea kampuni za Marekani, na mwaka 2023 Kizazi Moto, mkusanyiko wa katuni fupi wa Disney+, uliwafikisha Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda kwa watazamaji wa dunia nzima. Lakini Mukii hakuanzia hapo. Alikwisha kutengeneza Yellow Fever mwaka 2012, filamu fupi kuhusu wanawake na tamaa ya ngozi nyeupe. Malinga naye alikuwa na studio yake Kampala. Waliitwa kwa sababu walikuwa na kisa mkononi. Tena kazi ya nje ina mwisho: Tinga Tinga Tales ilikuwa na vipindi 52, na mkataba wa namna hiyo ukiisha huisha na ajira zake.

Mwajiri anayedumu zaidi, kwa maoni yangu, ni yule anayedharauliwa: elimu. Katuni ya Ubongo Kids ilianza kuonyeshwa na TBC mwaka 2014 ikifundisha hisabati kwa Kiswahili, na taasisi iliyoitengeneza ikaendelea na Akili and Me kwa watoto wadogo. Tofauti ya kutengeneza kwa Kiswahili tangu mwanzo inaonekana mdomoni mwa mhusika. Maneno yetu ya asili huishia na irabu, kwa hiyo mdomo huwa wazi neno linapomalizika; katuni iliyochorwa kwa Kiingereza ikaja kutiwa sauti za Kiswahili hufumba midomo wakati sauti bado inatoka. Mtoto hawezi kueleza kasoro hiyo, ila anaiona. Kuirekebisha kunahitaji mchoraji anayeisikia lugha, na huyo yuko hapa.

Wapo wanaosema mashine sasa inachora yenyewe. Hofu hiyo haikuanza leo. Mwaka 1961, kwa filamu ya One Hundred and One Dalmatians, Disney ilinakili michoro kwa mashine moja kwa moja kwenye karatasi angavu, na wanawake waliokuwa wakiipitishia wino kwa mkono wakapoteza kazi. Hasara yao ilikuwa ya kweli, na leo pia wapo watakaoumia, hasa wenye ujuzi wa programu moja tu. Lakini katika kipindi cha chekechea, mhusika akishauliza "Hizi ni ngapi?", lazima kuwe na mtu wa kuamua anyamaze kwa sekunde ngapi, macho yake yaelekee wapi, mpaka mtoto aliyeketi mkekani amalize kuhesabu vidole vyake.