Makarani Wawili, Daftari Moja

Leo twatazama jinsi kompyuta ilivyofundishwa kutopoteza hesabu.

Tuseme penye mizani ya pamba wako makarani wawili na daftari moja. Mkulima ameandikiwa kilo 100. Karani wa kwanza asoma 100, aongeza 20. Wa pili naye asoma 100 ile ile, aongeza 30. Mmoja aandika 120. Mwenziwe afuta, aandika 130. Kilo 20 za jasho zimepotea, wala mwizi hakuna.

Kompyuta zifanyazo kazi nyingi kwa pamoja zilipatwa na balaa hilo. Mwaka 1965 Mholanzi Edsger Dijkstra alichapisha njia ya kuhakikisha kwamba mmoja tu hushika daftari kwa zamu. Katika miaka ya 1970 mashine za IBM System/370 zilikuwa na amri ya kusoma, kulinganisha na kuandika kwa tendo moja lisilogawanyika.

Ikabaki shida nyingine. Kompaila, yaani programu inayofasiri maagizo yetu kwa lugha ya mashine, huyapanga upya ili kazi iende mbio. Hata mashine yenyewe hufanya hivyo. Neno "tayari" laweza kuandikwa kabla ya kilo! Basi vikawekwa vizuizi vya kumbukumbu, yaani mipaka ambayo maagizo hayaruhusiwi kuivuka. Kila kompaila ilikuwa na desturi yake, hata mwaka 2011 kanuni za lugha za C na C++ zilipowapa wote utaratibu mmoja.

Mbio si kosa. Kosa ni mbio zisizo na zamu.