Kujua VVU na Kujiona Salama: Vijana wa Kiume Wanavyoipima Hatari Nchini Tanzania

Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipobainika mkoani Kagera mwaka 1983, elimu kuhusu Virusi vya UKIMWI (VVU) imeenezwa shuleni, redioni na katika nyumba za ibada, kiasi kwamba ni nadra kumkuta kijana asiyejua kuwa ngono isiyo salama huambukiza. Hata hivyo, kujua njia za maambukizi ni jambo moja, na kijana kujihesabu miongoni mwa wanaoweza kuambukizwa ni jambo jingine. Makala haya yanashikilia kwamba pengo kati ya mambo hayo mawili halitokani na uhaba wa elimu, bali na vigezo anavyotumia kijana kujipima, pamoja na mpangilio wa huduma za afya ambao huviacha vigezo hivyo bila kusahihishwa.

Katika vijiwe vya bodaboda, ambako “kukanyaga miwaya”, yaani kuambukizwa VVU, ni mzaha wa kila siku, anayedhaniwa kuwa na virusi daima ni mwingine: dereva wa malori, mhudumu wa baa, mgeni wa mtaa. Mpenzi “aliyetulia” huhesabiwa kuwa salama, na kondomu huwekwa kando mara uhusiano unapozoeleka, kwa kuwa kuendelea kuitumia hufasiriwa kuwa ni kutoaminiana. Kigezo hiki cha sura na tabia kilikuwa dhaifu tangu mwanzo, kwani VVU huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, na leo kinapotosha zaidi: mtu anayemeza vyema dawa za kufubaza virusi (ARV), hadi virusi vyake visionekane katika kipimo cha damu, hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono, ilhali aliyeambukizwa bila kujua, naye akiwa mwenye siha vilevile, anaweza kuambukiza. Hofu ya kijana, kwa hiyo, mara nyingi humwelekea asiyestahili kuogopwa.

Tohara nayo imeingizwa katika hesabu hizo. Majaribio yaliyofanyika Afrika Kusini, Kenya na Uganda yalionyesha kuwa tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke. Wapo wanaoligeuza punguzo hilo kuwa kinga kamili.

Mwanamke hupimwa VVU anapohudhuria kliniki ya wajawazito, lakini kijana wa kiume mwenye afya hana mlango unaolingana na huo, hivyo baadhi ya vijana hao huyachukua majibu ya mwenza kuwa ndiyo yao, ingawa wenza wenye majibu tofauti, yaani mmoja ana virusi na mwingine hana, ni jambo linalofahamika vyema kitabibu. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikadiria maambukizi kuwa asilimia 4.4 kwa watu wa miaka 15 na zaidi, wanawake wakiwa na asilimia 5.6 na wanaume 3.0; tofauti hiyo, ikisomwa kwa haraka, humpa mwanamume faraja asiyostahili, kwa kuwa wastani wa taifa hausemi lolote kuhusu damu ya mtu mmoja.

Kampeni ya upimaji ya Furaha Yangu, iliyozinduliwa mwaka 2018, iliwalenga hasa wanaume, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliruhusu mtu kujipima mwenyewe. Zahanati, hata hivyo, hutoa huduma nyingi saa zilezile ambazo dereva wa bodaboda anahangaikia hesabu ya tajiri, yaani malipo ya kila siku kwa mwenye pikipiki. Wapangaji wa huduma wanapaswa kuvifikisha vipimo vya kujipima kijiweni, badala ya kuongeza mabango yanayorudia kile ambacho kijana anakijua tayari.