Mjenzi wa Mteremko Anapanga Mowlem: Hoja Kuhusu Kujitolea Baada ya Maporomoko

Julai 2024, katika joto la maandamano ya vijana, Rais William Ruto alipiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee, na muswada wa kusimamia michango ya hadhara ukafikishwa Bungeni. Kiini chake ni kwamba anayechangisha umma awe na kibali na atoe hesabu. Kwa harambee za wanasiasa, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na dhana iliyojificha chini yake, ambayo pia imetanda katika maandishi mengi ya maafa: kwamba kujitolea kwa raia ni kazi ya siku chache, ya walio karibu na tukio, na kwamba ujenzi mpya ni wa taasisi zenye muhuri. Ninadai kwamba katika vijiji vya miteremko ya Kenya, mtu anayejenga upya mara nyingi hayupo kijijini. Amepanga chumba Mowlem, Umoja au Kariobangi Kusini, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi.

Mifano mingi ya nje katika maandishi hayo ya maafa ni ya matetemeko ya ardhi. Sisi tetemeko kubwa tulilopata ni la Subukia, Januari 1928, na walioliona wengi wamekwisha kufa. Kinachobomoa vijiji vyetu vya milimani ni udongo. Novemba 2019 maporomoko ya Pokot Magharibi, huko Nyarkulian, Parua, Tapach na Muino, yaliua zaidi ya watu 40 na kukata barabara na madaraja. Aprili 2020 ikawa zamu ya Chesegon. Usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025, Chesongoch katika Marakwet Mashariki ilifunikwa na zaidi ya watu 20 wakafa. Kila mara hadithi ilikuwa moja: helikopta, mahema, viongozi waliovaa mabuti, kisha kimya. Watafiti pia huondoka na helikopta.

Kuhusu siku za kwanza wataalamu hawabishani: jirani ndiye huokoa wengi, na hapo sina la kuongeza. Mabishano huanza baadaye. Mtafiti Daniel Aldrich, katika kitabu chake cha 2012, alionyesha kwa mifano ya Tokyo ya 1923, Kobe ya 1995 na Tamil Nadu kwamba mitaa yenye mahusiano imara husimama upya haraka kuliko ile yenye fedha tu. Ni kazi nzuri, na imenukuliwa hadi imechakaa. Lakini kipimo chake kikuu ni mtaa: watu wanaoonana, wanaopiga kura pamoja, wanaokwenda mahekalu yaleyale. Ukipeleka kipimo hicho Tapach, utaona kijiji chenye vikongwe, watoto na wanawake walioelemewa, uandike kwamba mtaji wa kijamii ni haba. Umehesabu nusu ya kijiji. Nusu nyingine iko kazini mjini, na kila mwezi inatuma fedha.

Upande wa pili wako wanaoona harambee kila mahali. Watafiti Mbithi na Rasmusson, mwaka 1977, waliichambua harambee kama nguvu ya kujitegemea ya mashinani, yenye shule, zahanati na majosho ya ng'ombe. Wengi waliowafuata waliigeuza kuwa roho ya Mwafrika, kana kwamba mtu huamka tu asubuhi akajikuta anachanga. Hakuna roho hapa. Kuna daftari, faini na mweka hazina.

Chama cha watu wa nyumbani cha Eastlands ndicho ushahidi wangu mkuu, na inafaa tukitazame kwa karibu. Hukutana Jumapili alasiri, katika ukumbi wa kanisa au chumba cha nyuma cha hoteli, kwenye mtaa uliojaa ghorofa za vyumba vya kupanga. Wanachama ni makondakta, walinzi, mafundi wa nguo, wauza mitumba, mwalimu mmoja au wawili. Kazi yake ya asili ni mazishi, kwa maana kusafirisha maiti kutoka Nairobi kunaweza kumfilisi mtu wa kibarua. Kwa hiyo chama kina vitu vitatu ambavyo shirika lolote la misaada lingetumia miezi kuvijenga: orodha ya kila boma na nani ni nani ndani yake, njia ya kukusanya fedha kwa simu ndani ya saa chache, na aibu. Aibu ni kitu kizito. Asiyechanga jina lake husomwa, na siku yake ikifika, viti hubaki vitupu.

Maafa yakitokea, mtambo huohuo hubadilishiwa kazi. Wiki ya kwanza ni majeneza. Wiki ya tatu, mtu huuliza mama fulani analala wapi. Hapo ndipo ujenzi huanza, na huanza kwa ubahili mkubwa. Mabati hayapakiwi Nairobi. Nauli yake ingeyala. Fedha hutumwa moja kwa moja kwa duka la vifaa katika mji wa karibu na kijiji, kisha binamu aliyebaki nyumbani huenda kuhesabu mabati kabla hayajapandishwa kwenye pikipiki. Fundi halipwi mara moja. Hulipwa ukuta ukifika linta, na picha ya linta hutumwa kwenye simu. Picha ikionekana kuwa ya nyumba nyingine, kikao huwaka moto. Nimesoma ripoti nyingi za ukaguzi wa miradi. Chache zina jicho kali kama la mlinzi wa usiku anayetazama picha ya ukuta aliouchangia shilingi mia tano.

Linganisha na Kagera, Tanzania. Tetemeko la Septemba 10, 2016, la ukubwa wa 5.9, liliua watu wasiopungua 17 na kuharibu maelfu ya nyumba. Michango ilimiminika, Kenya nayo ilituma mabati, magodoro na blanketi. Kila kitu kilielekezwa mfuko mmoja wa serikali, na mwezi huohuo maafisa waliondolewa kazini kwa tuhuma za akaunti ya pembeni yenye jina linalofanana na la mfuko. Mwanzoni mwa Januari 2017, Rais Magufuli aliwaambia watu wa Bukoba kwamba serikali haitamjengea mtu mmoja mmoja nyumba. Fedha zingekwenda kwenye miundombinu ya umma. Shule ya Ihungo ilijengwa upya, na kweli ni nzuri. Sibezi hoja ya Magufuli, kwa sababu serikali ina haki ya kuanza na shule. Ila muswada wetu unaelekea njia ileile ya mlango mmoja, na Kagera imeshatuonyesha kilichobaki nje ya mlango huo: nyumba ya mtu.

Pingamizi la kwanza nitakalokutana nalo ni kwamba vyama hivi ni vya ukoo na kabila, na asiye na mtu mjini huachwa. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba Eastlands ina vyama vingi vya watu wa Murang'a, wa Magharibi na wa Ukambani kuliko vya Wapokot au Wamarakwet, kwa hiyo mteremko wa Mathioya una bahati kuliko wa Tapach. Hiyo ni sababu ya kaunti kujaza pengo. Haiwi sababu ya kuwawekea kibali wanaojaza lao.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: fedha za mjini huwarudisha watu kwenye mteremko uleule. Uganda ilijaribu kinyume chake. Baada ya kijiji cha Nametsi kufunikwa na maporomoko huko Bududa, Machi 2010, manusura walihamishiwa Kiryandongo, mbali na Mlima Elgon, na baadhi yao walirudi kwenye mashamba na makaburi yao. Kuhamisha watu bila idhini ya jamaa wanaowalipia paa ni kupoteza fedha. Mwana aliyeko Mowlem ndiye mara nyingi huamua mama ajenge wapi, kwa kuwa ndiye mwenye kulipa. Mtaalamu wa miamba anayekutana na chifu peke yake amekosea kikao.

Ninapendekeza, basi, jambo ambalo wachumi wataliona la ajabu: sheria ivitoe nje ya kibali vyama vinavyochangisha wanachama wao tu, na kaunti za milimani ziweke shilingi moja kwa kila shilingi ambayo chama kimetuma kwa nyumba iliyo kwenye kiwanja kilichopimwa na kukubaliwa na mtaalamu. Anayetaka kujenga kwenye korongo lilelile ajenge kwa fedha zake mwenyewe. Sina shaka kwamba mpango huu ungejenga nyumba nyingi kuliko mfuko wowote wa kitaifa, na ungeanza kwa maafisa wa kaunti kutoka Kapenguria na Iten kupanda basi la usiku kuja Nairobi, wakiomba nafasi ya kuzungumza Jumapili, baada ya michango kusomwa.