ADUI ASIYEPIGIKA KIRAHISI: namna ya kumtengeneza mbaya wa mchezo wa mezani

Wadau, kila aliyekulia kwenye kibanda umiza anaijua sheria moja: steringi hafi. Sasa kwenye michezo ya kuigiza mezani kama Dungeons & Dragons sheria hiyo haipo kabisa. Steringi ni wewe na washikaji zako wanne, hakuna aliyeandika mahali kwamba mtashinda, na dadu ikigoma mnakufa kweli (kwenye karatasi lakini, msiogope). Ndiyo maana adui mkuu wa mchezo huu hatengenezwi kama wa kwenye muvi, na ndipo wengi wanapochemsha.

Kwa wageni, kwa kifupi. Mchezo ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mtu mmoja ni msimulizi, anaielezea dunia ya mchezo na kuwachezea maadui wote. Wengine kila mmoja ana mhusika wake. Ukitaka kufanya jambo la hatari unarusha dadu ya pande 20 na kujumlisha namba ya ujuzi wako. Penseli, karatasi, dadu, basi.

Tatizo la adui mkuu ni hesabu tu. Yeye yuko mmoja, nyie mko watano. Kila raundi yeye anapiga zamu moja, nyie tano. Unaweza kumpa jina la kutisha, mapembe na ngome ya mawe meusi, halafu wachezaji wakaingia wakammaliza kabla hajamaliza hotuba yake. Wasimulizi wengi wakiona hivyo wanamwongezea uhai. Pointi 100 zinakuwa 300. Matokeo yake sio ugumu, ni uchovu: watu wanarusha dadu nusu saa wakipiga kitu kile kile kama wanapasua kuni.

Sasa mwangalie jamaa anayeitwa Strahd von Zarovich. Huyu ni vampaya, mnyonya damu, bibi zetu wangemwita mumiani, na ni mmoja wa maadui maarufu zaidi katika historia ya mchezo huu. Aliandikwa na mtu na mkewe, Tracy na Laura Hickman, katika kitabu cha Ravenloft cha mwaka 1983. Wazo lilianza na kero: Tracy alikuwa anacheza mchezo wa mtu mwingine, akakutana na vampaya amekaa tu kwenye mahandaki kati ya majini na mazimwi wengine, bila sababu yoyote. Akajiuliza, huyu anafanya nini hapa?

Swali hilo ndilo lililomtengeneza Strahd. Alimpenda Tatyana, mchumba wa mdogo wake Sergei. Akamuua Sergei siku ya harusi, na Tatyana akajirusha kutoka kwenye kuta za ngome. Tangu hapo Strahd amenasa kwenye nchi yake ya Barovia, na wachezaji wanapofika kijijini wanamkuta binti anayeitwa Ireena, sura yake ni ile ile ya Tatyana. Kwa hiyo Strahd ana kitu anachokitaka, na kitu hicho kimesimama pembeni yenu, mnakilinda. Hamhitaji kuambiwa kwa nini anakuja usiku.

Halafu hakai mwisho wa njia akisubiri. Kwenye toleo la mwaka 2016, Curse of Strahd, anaweza kuwatumia wachezaji barua ya kuwaalika chakula cha jioni! Anawajaribu, anawachungulia, anaondoka. Siku ya pambano la mwisho mnakuwa mmeshaonana naye mara kadhaa na mna hasira naye binafsi. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko namba zote.

Lakini namba nazo zina utamu wake, tupige hesabu. Strahd wa 2016 ana pointi 144 za uhai. Kila raundi zamu yake ikianza anajirudishia pointi 20. Tuseme nyie watano, mkijumlisha wanaopata na wanaokosa, mnampunguzia pointi 35 kwa raundi. Bila kujirudishia angekufa raundi ya 5. Akijirudishia anafika raundi ya 9, na muda wote huo anawapiga, tena kati ya zamu zenu ana vitendo vya ziada hadi vitatu. Akiwa ndani ya ngome yake anaweza hata kupita ukutani. Raundi nne za nyongeza hapo ni maiti mbili tatu.

Ila kule kujirudishia hakufanyi kazi akiwa kwenye mwanga wa jua au maji yanayotiririka. Na kuna upanga umefichwa mahali nchini humo, Sunsword, ambao mwanga wake unahesabika kuwa jua. Umefichwa wapi? Mama mmoja mtabiri, Madam Eva, anapanga karata, na karata ndizo zinazoamua, kwa hiyo kila kundi linaupata sehemu tofauti. Mnaona ufundi hapo? Ugumu wa adui una ufunguo, ufunguo uko nje ya pambano, na mchezaji anaufikia kwa kuuliza watu, kusafiri, kuhatarisha. Kundi lililokimbilia ngomeni bila upanga litapigwa, na litajua kwa nini limepigwa.

Wengine watasema sawa, lakini huyo ni bwana mkubwa ana ngome. Haya, chukua kobold, kijidude kidogo cha pointi chache za uhai, pigo moja chali. Mwaka 1987 Roger E. Moore, mhariri wa jarida la Dragon, aliandika toleo la 127 kuhusu msimulizi aliyeitwa Tucker. Kobold wake walikuwa dhaifu vile vile kama kitabuni, ila walikuwa na akili: wanafunga milango nyuma yenu, wanawasha moto, wanapiga mishale kupitia matundu, wanakimbia kwenye vinjia ambavyo binadamu hapiti. Wachezaji wenye wahusika wa levo za juu waliona heri wakutane na mashetani ya moto chini kabisa kuliko kupita tena kwa kobold. Hakuna namba iliyoongezwa.

Kuna jambo moja sitalipendelea kamwe, nalo nililifanya mwenyewe. Nilikuwa na mchawi wangu nilimpenda mno, nikawa kila akikaribia kufa namtorosha kwa mdomo tu: mlango wa siri, ukungu, mara hivi mara vile. Mara ya tatu mchezaji mmoja alikunja karatasi yake akasema, "We unataka kuandika hadithi, kaandike." Alirudi baada ya miezi miwili. Alikuwa na haki. Kama adui ana njia ya kutoroka, iandike kabla ya mchezo, na iwe inaweza kuzibwa. Strahd akiishiwa uhai anageuka ukungu, ndiyo, ila ana saa mbili tu kufika kwenye jeneza lake, na jeneza linaweza kutafutwa mapema. Wakilipata, mwache afe, hata kama ulikuwa bado una mipango naye.

Kwa mnaotaka kujaribu bila hela ya vitabu: tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano ziko bure kihalali chini ya leseni ya Creative Commons, faili la PDF lenye kurasa 400 hivi, linaitwa SRD 5.1. Strahd mwenyewe hayumo, ila vampaya wa kawaida yumo, naye ana pointi 144 zile zile na kujirudishia 20. Liweke kwenye flashi, chapisha kurasa za vampaya tu, motivu mtamtungia wenyewe.