Sayanotipi

Sayanotipi ni njia ya kutengeneza picha za buluu kwa mwanga wa jua, bila kamera. Ilibuniwa na mwanasayansi Mwingereza John Herschel mwaka 1842.

Karatasi hupakwa mchanganyiko wa chumvi mbili za chuma na kukaushwa gizani. Jani lililookotwa matembezini hulazwa juu yake, kisha karatasi huanikwa juani na kuoshwa kwa maji. Palipopigwa na jua huwa buluu. Palipofunikwa hubaki peupe.

Mwaka 1843 Anna Atkins (1799–1871), mtaalamu wa mimea wa Uingereza, alianza kutoa kitabu cha mwani kwa njia hiyo, kwa kuwa mwani mwingi ni mdogo mno kuchorwa kwa usahihi. Hata maandishi yake aliyaandika kwa mkono na kuyachapa vivyo hivyo.